Profesa anataka awe mtafiti mkuu, na andiko langu lina malengo matano

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni daktari, nina shahada ya umahiri katika magonjwa ya ndani. Nafanya kazi katika hospitali moja hapa Mwanza na nafundisha wanafunzi wa udaktari saa chache kwa wiki. Sijawahi kupata ruzuku ya utafiti hata ya shilingi mia. Makala niliyochapisha kama mwandishi wa kwanza ni moja tu, ilitokana na kazi yangu ya umahiri.

Kinachoninyima usingizi ni wagonjwa wanaotapika damu. Wengi wanatoka visiwani na kwenye mialo ya wavuvi. Unaletewa mvuvi wa miaka 30 na kitu, mtu wa nguvu zake, anateremshwa kwenye bajaji huku amefunikwa kanga ya mkewe iliyolowa. Ukimfanyia endoskopi unakuta mishipa ya umio imevimba. Ukimpima kwa utrasaundi, ini lina makovu na bandama imekua. Ni kichocho cha tumbo cha siku nyingi. Tena huyo ni mwenye bahati, kwa sababu amefika. Wengine tunawasikia tu kwa ndugu waliomleta mgonjwa mwingine.

Sasa kuna mfadhili wa nje ametangaza ruzuku ya watafiti wanaoanza, ya miaka mitatu. Zimebaki wiki kumi kabla ya kufunga. Nimeanza kuandika andiko la kuomba fedha hizo usiku watoto wakilala, na nimefikisha malengo mahususi matano: kupima ukubwa wa tatizo visiwani, kutafuta kipimo kipya cha damu cha kugundua makovu ya ini, kuchunguza vinasaba vya wagonjwa, kujaribu kumtumia muuguzi kupima kwa utrasaundi zahanati, na kutoa mapendekezo ya sera.

La vinasaba si langu. Ni la mtafiti wa Ulaya tuliyekutana kwenye kongamano, ambaye anasema tutume sampuli kwake na sehemu hiyo ataiandika mwenyewe.

Shida kubwa ni Profesa wangu. Nilipomwonyesha tangazo alifurahi, kisha akasema: “Andika, ila mtafiti mkuu niwe mimi. Hakuna atakayempa fedha mtu asiye na jina.” Shangazi, huyu ndiye aliyenifundisha kila kitu. Siwezi kumvunjia heshima. Lakini pia najua nikimwachia, mwisho wa siku nitakuwa mkusanya takwimu kwenye wazo langu mwenyewe.

Mengine ni haya. Data za awali sina. Mwenzangu mmoja ananiambia nichukue andiko lake lililoshinda nibadilishe ugonjwa tu, au niipe akili unde (AI) iniandikie. Nimefikiria pia kuweka bajeti ndogo, ili waone sina tamaa. Na kuna ofisa wa programu ambaye barua pepe yake imewekwa kwenye tangazo, lakini naogopa kumwandikia asije akaniona mbumbumbu.

Nisaidie, Shangazi.

Daktari wa Wodini, Mwanza

*

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na Profesa, maana hilo ndilo lililokufanya uandike. Hayo mengine umeyapanga nyuma yake ili lisisimame peke yake.

Fungua tangazo, nenda kwenye ukurasa wa masharti ya mwombaji. Ruzuku za watafiti wanaoanza karibu zote zina kifungu kinachosema mwombaji awe hajawahi kuongoza ruzuku kubwa, au awe ndani ya miaka kadhaa tangu amalize masomo yake ya juu. Ikiwa kifungu hicho kipo, mjadala umeisha na si wewe uliyeumaliza. Chapisha ukurasa huo, upige mstari kwa kalamu, kisha nenda ofisini kwake mwenyewe, asubuhi kabla ya kuzungukia wagonjwa. Usimtumie kwenye WhatsApp. Mwambie hivi: “Profesa, shikamoo. Nimesoma masharti. Jina la Profesa likikaa mbele, andiko litaondolewa kabla halijasomwa. Naomba Profesa awe mlezi wangu mkuu, na nimeandika hapa kazi ninazoziomba.” Umpe karatasi ya pili.

Karatasi hiyo ya pili ndiyo yenye uzito. Iandike kazi kweli: tukutane mara moja kwa mwezi kwa saa moja, asome rasimu ya kila makala ndani ya wiki mbili, azungumze na mkuu wa idara ili upunguziwe zamu. Hili la zamu usilione dogo. Mpitiaji, yaani mtaalamu anayesoma maandiko na kuyapa alama kwa niaba ya mfadhili, akisoma kwamba una nusu ya muda wako kwa utafiti, atatafuta barua ya mwajiri inayokubali hivyo, na asipoiona atajua ni ahadi ya mdomo. Andika pia nani atakuwa mwandishi wa kwanza na nani wa mwisho kwenye makala zitakazotoka. Mwandishi wa mwisho ni nafasi ya heshima katika fani yetu, na Profesa anajua hivyo kuliko wewe.

Kwa upande mmoja mzee ana haki. Jina lina uzito, na wapitiaji wanaliangalia. Ndiyo maana unalihitaji kwenye barua ya mlezi: amewalea akina nani, wako wapi leo, atakusaidia nini ambacho wewe huna. Barua ya mlezi inayosema tu kwamba “daktari huyu ni mchapakazi na mwaminifu” haisaidii kitu. Barua kama hiyo hata mjumbe wa nyumba kumi angekuandikia.

Akikataa kabisa, usigombane naye. Omba muda, kisha tafuta mlezi wa pili. Mwanza si jangwa: kuna kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kuna kitengo cha MITU wanaoendesha majaribio ya tiba kwa ushirikiano na wenzao wa London tangu 2006, na chuo chetu cha tiba kina watu waliowahi kuongoza ruzuku. Ila kila hatua ofisi ya utafiti ya kwenu iifahamu kwa maandishi. Mambo ya kuzungukana ndiyo yanayovunja heshima, si kusema hapana kwa adabu.

Sasa malengo matano. Mwanangu, hayo ni maisha ya kazi ya mtu mzima, na wewe una miaka mitatu, zamu za usiku na watoto.

Hapa hapa Mwanza, mapema miaka ya 1990, watafiti waliuliza swali moja: tukiboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya vya kawaida, maambukizi mapya ya VVU yatapungua? Walichukua jamii 12, wakazipanga jozi jozi, nusu zikapata huduma hiyo mapema na nusu baadaye. Jibu likatoka kwenye jarida la Lancet mwaka 1995: maambukizi mapya yalipungua kwa takribani asilimia 40. Mwaka 1999 wenzetu wa Rakai, Uganda, wakachapisha matokeo ya njia nyingine, ya kuwatibu watu wote kwa mkupuo, na VVU havikupungua. Watu walibishana miaka mingi kuhusu sababu ya tofauti hiyo. Lakini walibishana kwa faida, kwa sababu kila upande ulikuwa umeuliza swali linaloshikika.

Swali lako liko ndani ya barua yako, umelifunika tu. Unataka kujua ni watu wazima wangapi kwenye mialo wana ini lenye makovu ya kichocho bila kujijua, na kama muuguzi wa zahanati aliyefunzwa utrasaundi anaweza kuwatambua walio hatarini kabla hawajatapika damu. Basi. Hayo ni malengo mawili, la kwanza na la nne katika orodha yako, na yanashikana: la kwanza likikupa ukubwa wa tatizo, la pili linakupa njia. Angalia tu lisiwe kwamba la kwanza likikwama la pili linakufa. Hilo ni kosa ambalo wapitiaji hulinusa haraka. Hata ukikuta wagonjwa wachache kuliko ulivyotegemea, bado unaweza kulinganisha usomaji wa muuguzi na wa mtaalamu wa radiolojia, kwa kuongeza wagonjwa wa hospitali kwenye sehemu hiyo. Liandike hilo waziwazi kama mpango mbadala.

Kipimo kipya cha damu kiache. Vinasaba viache. La sera si lengo la utafiti. Ni aya moja ya mwisho inayosema nani atapewa matokeo. Mtaje Mganga Mkuu wa Wilaya, utaje mpango wa taifa wa magonjwa yasiyopewa kipaumbele, inatosha.

Halafu, kwa nini wavuvi peke yao? Wanawake wanaoanika dagaa na kuchota maji wako majini kila siku. Nakuhakikishia mpitiaji mmoja atauliza. Sema “watu wazima wa jamii za mialo,” kisha uwachambue kwa kazi na kwa jinsia.

Umuhimu wa jambo lenyewe utauandika kwa urahisi ukikumbuka hili: kwa miaka mingi prazikwanteli, dawa ya kichocho, imegawiwa zaidi kwa watoto wa shule. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya unaotaka, mahali ambapo maambukizi yamefika asilimia 10 au zaidi, kila mtu kuanzia umri wa miaka 2 apewe dawa, watu wazima wakiwemo. Mvuvi wako wa miaka 30 ni mtu aliyerukwa. Na kumeza dawa leo kunaua minyoo. Makovu ya miaka 20 hayafutiki kirahisi hivyo. Pengo lenyewe ndilo hilo.

Data za awali unazo. Ziko kwenye rejista ya chumba cha endoskopi, lile daftari kubwa lililochanika mgongo ambalo muuguzi huandika kila mgonjwa. Omba kibali cha uongozi wa hospitali na cha kamati ya maadili ya kwenu, maana hata daftari la zamani lina siri za watu na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kisha hesabu ya miaka mitatu: waliokuja kwa kutapika damu, umri, jinsia, walikutwa na nini, waliishia wapi.

Ukifika kwenye safu ya makazi, kuwa makini. Utakuta “Igoma,” “Buhongwa,” “Kirumba,” mpaka ufikiri kichocho ni ugonjwa wa mjini. Mgonjwa wa kisiwa cha Ukara akija Mwanza anafikia kwa kaka yake Igoma, na akiulizwa anakaa wapi anajibu Igoma. Kwa hiyo rejista peke yake itakudanganya. Fungua mafaili ya baadhi yao, tazama barua za rufaa zimetoka zahanati gani. Halafu useme kwenye andiko, bila kuficha, kwamba hao ni wale tu waliofika hai, na kwamba ndiyo sababu unaomba fedha za kwenda kuwatafuta wengine. Udhaifu wa data zako unageuka kuwa hoja yako. Jedwali moja dogo la namna hiyo lina nguvu kuliko kurasa mbili za takwimu za dunia ulizozitoa kwenye makala za wengine.

Kwenye mbinu ndipo nataka ukae zaidi, kwa sababu ndipo maandiko mengi ya vijana yanapokufa, na ndipo wewe una kitu ambacho mwombaji mwenzio aliyekaa London hana.

Chukua suala la lini utawapata watu wako. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi usiku wa giza, taa ndizo zinazovuta dagaa. Mbalamwezi ikishika, wanapumzika, wanashona nyavu, na baadhi wanapanda kivuko kurudi makwao. Ukipanga kupima watu asubuhi ya giza utawakuta wamelala au wamechoka hawataki kuguswa. Ukisubiri katikati ya mbalamwezi, wageni wa mwalo watakuwa wameondoka. Kwa hiyo orodhesha kaya na makambi wakati wa giza, kwa kushirikiana na BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia mwalo, kisha pima siku za mwanzo za mbalamwezi. Weka kalenda hiyo kwenye andiko. Mpitiaji akiisoma anajua huyu mtu anapajua mahali anapopazungumzia.

Ukubwa wa sampuli usiupate hewani. Tuseme unakadiria asilimia 30 wana makovu, na unataka kukosea kwa asilimia 5 tu juu au chini: hesabu ya kawaida inakupa watu 323. Lakini watu wa mwalo mmoja wanafanana, wanaoga maji yale yale. Ongeza kwa kuzidisha na 1.5, unafika karibu 485. Toa nafasi ya asilimia 10 watakaokataa au kuondoka, unafika karibu 540. Namba zenyewe zitategemea makadirio yako, na hapo utahitaji mtakwimu. Mweke kwenye bajeti tangu sasa na umlipe, usimwombe kama hisani.

Kwa utrasaundi tumia mwongozo unaojulikana wa Niamey, unaogawa picha za ini kuanzia A mpaka F, na picha zisomwe na watu wawili bila kuonana majibu. Mayai ya minyoo kwenye choo usiyafanye kipimo kikuu. Kwa njia ya Kato-Katz, ya kuhesabu mayai hayo kwa hadubini, unapima miligramu 41.7 za choo na kuzidisha mayai kwa 24 ili upate idadi kwa gramu. Kwa mtoto wa shule inakupa picha nzuri. Mtu mzima mwenye makovu ya siku nyingi anaweza kuwa na mayai machache kabisa na ini limeharibika. Pima pia homa ya ini B na uulize kuhusu pombe, la sivyo utaulizwa umejuaje kwamba ini hilo limeharibiwa na kichocho.

Na umkute mtu ana mishipa iliyovimba, utamfanya nini? Hili litaulizwa na kamati ya maadili, na kwa kweli unapaswa kujiuliza wewe kwanza. Huwezi kumwambia mtu kwamba ana kitu kifuani kinachoweza kupasuka, ukamwandika kwenye daftari, ukapanda boti ukaondoka. Nauli yake ya kwenda endoskopi, ya ndugu wa kumsindikiza, kufungwa mishipa hiyo, dawa za kushusha shinikizo: vyote viwe na mstari wake kwenye bajeti.

Ndiyo maana bajeti ndogo haitakusaidia. Hakuna anayekuonea huruma. Wanakuona hujui kazi inagharimu nini. Weka boti na petroli, weka maboya ya kuvaa kwa kila mtu wa timu. Sisi wa huku, baada ya kivuko cha MV Nyerere kupinduka mwaka 2018, hatuhitaji kuelezwa, ila mfadhili anahitaji. Weka betri na sola, jeli ya utrasaundi, mafunzo ya wauguzi, posho zinazofuata viwango vya kwenu, na asilimia ya chuo kwa uendeshaji kadiri mfadhili anavyoruhusu. Kumbuka fedha itaidhinishwa kwa sarafu yao na kutumika kwa shilingi. Kila mstari uwe na sentensi moja ya kuueleza. Na usinakili bajeti ya zamani. Kuna moja niliyoisoma karibuni ilikuwa bado inalipia kivuko cha Kigongo–Busisi, wakati daraja limefunguliwa tangu Juni 2025.

Hilo linatupeleka kwa mwenzako na andiko lake lililoshinda. Lisome, tena ushukuru, maana wengi hawakupi hata ukiwaomba. Angalia ukurasa wa malengo umepangwaje, bajeti imeelezwaje. Kisha lifunge. Kuhusu akili unde, soma masharti ya mfadhili wako. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, kwa mfano, tangu Septemba 2025 zimesema hazitapokea andiko ambalo sehemu yake kubwa imetungwa na akili unde. Kukusahihishia sarufi ni jambo moja. Lakini haijui kwamba mgonjwa wa Ukara anajiandikisha Igoma.

Rafiki yako wa Ulaya mpe kazi, usimpe lengo. Anaweza kuwa msomaji wa pili wa picha, au mshauri wa uchambuzi. Sampuli za damu kwenda nje zinataka mkataba wa kuhamisha sampuli na kibali cha kamati ya kitaifa ya maadili iliyo chini ya NIMR, na utatumia mwaka wako wa kwanza kufuatilia mihuri kwa ajili ya swali la mtu mwingine. Mwandikie kwamba vinasaba vitakuwa ombi la pili, mkiwa na wagonjwa mkononi. Akikasirika na kuondoka, umejua mapema.

Wiki kumi zinatosha ukianza na ofisi badala ya kuanza na kompyuta. Wiki hii nenda ofisi ya utafiti uulize mambo matatu: chuo kimeshajisajili kwenye mfumo wa mfadhili, nani anasaini, na wao wanataka andiko siku ngapi kabla ya siku ya kufunga. Fedha ikiwa ya Marekani, usajili wa taasisi kwenye mfumo wa serikali yao huhuishwa kila mwaka, na usajili huo ukiisha muda unaweza kuchukua wiki kadhaa kufufuka. Nimeona maandiko mazuri yakibaki kwenye kompyuta kwa sababu hiyo tu. Barua za kuunga mkono, ya Mkurugenzi wa Halmashauri na ya Mganga Mkuu wa Wilaya, ziombe wiki ya pili, ukiwa umepeleka rasimu mkononi. Kibali cha maadili chenyewe wafadhili wengi hukitaka kabla ya kutoa fedha, si siku ya kuomba, lakini hakikisha.

Ukurasa wa malengo uandike mwisho wa wiki ya tatu na umpe mtu asiye wa fani yako. Ukurasa mmoja tu. Huko kwa wapitiaji, watu wachache, mara nyingi watatu, ndio watakaosoma andiko lako kwa kina, na si lazima hata mmoja awe mtu wa kichocho. Kwa Wamarekani alama zinakwenda 1 mpaka 9, na 1 ndiyo nzuri. Alama za mwanzo zikiwa mbaya, andiko halijadiliwi hata kikaoni. Hao wengine mezani wataangalia ukurasa huo na kumsikiliza aliyesoma. Kama muuguzi wako wa wodi hajaelewa unachotaka kufanya, na wao hawataelewa.

Makala moja uliyonayo isikutie unyonge. Ruzuku ni ya wanaoanza. Ila anza sasa kuandika ile hesabu ya rejista, Profesa akiwa mwandishi wa mwisho. Hata ikiwa bado haijachapishwa, wafadhili wengine wanaruhusu kuitaja kama iko mtandaoni kwa umma.

Na ofisa wa programu mwandikie. Kujibu maswali ya waombaji ni sehemu ya kazi yake, na baadhi yao hukuambia kwa sentensi mbili kwamba wazo lako halipo kwenye fungu lao, ukaokoa wiki kumi. Usimtumie andiko zima. Aya moja ya swali lako, mstari mmoja wa wewe ni nani, kisha maswali mawili: je, mwenye shahada ya umahiri bila ya uzamivu anaruhusiwa, na je, gharama za kuwatibu washiriki zinakubalika kwenye bajeti? La kwanza hasa ulipate jibu kabla hujaandika neno jingine, kwa sababu baadhi ya ruzuku hizi zinadai uzamivu, na barua yako haikusema hii yako inadai nini. Tuma leo kabla hujaingia zamu.

Shangazi